Umehamia Dar es Salaam, unataka gari: mkononi, yadi au kuagiza Japani?

Mwenzangu wa kazini, Mrundi aliyefika Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka miwili, alinijia na karatasi yenye bei tano za Toyota IST. Moja ya dalali wa Kinondoni, mbili za yadi za kuuzia magari, moja ya kuagiza Japani, na ya tano ya jirani yake anayerudi kwao. Akaniuliza ipi nafuu. Nikamuuliza kibali chake cha ukaazi kinaisha lini, akashangaa haya mawili yanahusianaje.

Yanahusiana sana. Sisi tuliotoka Mombasa, Bujumbura, Kampala au Bukavu kuja kufanya kazi hapa tunaishi kwa kibali cha daraja B, ambacho kwa kawaida ni cha miaka miwili na kinahuishwa. Gari utakalonunua leo utaliuza siku moja, na mara nyingi utaliuza kwa haraka, huku mabegi yameshafungwa. Kwa hiyo bei ya kununua ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni karatasi: jina la nani liko kwenye kadi ya gari, yaani hati ya umiliki, kodi ililipwa au haikulipwa, na mtu atakayenunua kwako ataweza kuhamisha umiliki bila kukutafuta ng'ambo ya mpaka.

Nimenunua magari mawili hapa, moja mkononi, yaani kwa aliyekuwa akilitumia, na moja kwa kuagiza, na nimewasindikiza wenzangu kadhaa yadi. Nitazilinganisha njia hizo kama nilivyozijua, nikikaa zaidi pale ambapo wageni tunaumia.

Kwanza karatasi zako mwenyewe

Njia zote zinaanzia TRA, mamlaka ya mapato. Bila TIN, yaani namba ya mlipakodi, huwezi kuandikishwa kama mmiliki wa gari, liwe ni gari jipya kutoka bandarini au kuukuu kutoka kwa jirani. TIN haiuzwi; mtu akikudai pesa za TIN anakula jasho lako. Nenda na pasipoti na kibali chako, halisi pamoja na nakala. Usingoje upate gari ndipo uanze kuitafuta, maana muuzaji mzuri hakusubiri, na hapo ndipo dalali atakapokushauri "tuandike kwa jina la shemeji kwanza, utabadilisha baadaye". Usikubali. Gari lililoandikwa jina la mtu mwingine ni la mtu huyo, hata kama ulilipa kila senti.

Leseni ya Kenya, Uganda au nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki itakuvusha mwanzoni. Ukishatulia chukua ya Tanzania, shilingi 70,000 kwa miaka 5, maana askari barabarani na kampuni ya bima wote wanaielewa bila maswali.

Kwa Wakenya wenzangu: hapa hakuna "logbook", kuna kadi ya gari. Ukisikia "kadi ipo" maana yake ni hiyo. Na "namba D" au "namba E" si aina ya gari, ni herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao cha namba. Namba zinatolewa kwa mfululizo, kwa hiyo herufi hiyo inakuambia gari limeandikishwa Tanzania kwa muda gani. Haikuambii lilitengenezwa lini. IST ya mwaka 2004 inaweza kuwa namba E kwa sababu imeshuka bandarini juzi, na IST ya mwaka huohuo ikawa namba C iliyokula barabara za hapa miaka kumi na kitu. Matangazo yanalipandisha gari bei kwa herufi hiyo, na mara nyingi ni haki.

Kununua mkononi

Hii ndiyo njia ya haraka, ndiyo ya bei ndogo, na ndiyo yenye mashimo mengi. Unamkuta mtu na gari lake, mnaelewana, mnaandikishana. Kodi za kuingiza gari alishalipa yeye au aliyemtangulia. Wewe unabaki na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, na ada za uhamisho na kadi mpya ambazo zote pamoja hazifiki laki. Ongeza wakili wa kushuhudia mkataba na fundi wa kukagua. Gari la milioni 12 linakutoka kwa milioni 12 na laki chache.

Tatizo ni kadi. Gari la kwanza nililolipenda hapa lilikuwa Toyota Vitz ya rangi ya fedha. Dalali alinipokea vizuri, "dada yangu, hili halina mchubuko, injini haijafunguliwa, AC inagandisha". Gari kweli lilikuwa safi. Nikatoa laki tatu ya kushika gari. Siku ya kuandikishana ndipo nilipoona kadi: jina si la muuzaji. Muuzaji alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na katika mikono mitatu hakuna aliyehamisha umiliki, kila mmoja akiogopa zile ada ndogo. Mwenye jina kwenye kadi alikuwa amehamia Mwanza na simu haipatikani. Nikaambiwa nisijali, mikataba yote ya nyuma ipo. Mikataba ilikuwepo, lakini TRA haihamishi kwa rundo la mikataba. Inamtaka mwenye jina, au mtu mwenye mamlaka ya kisheria kutoka kwake. Ile laki tatu sikurudishiwa. Bora hiyo kuliko milioni tisa.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwenye simu, kabla ya bei, ni: kadi iko kwa jina lako? Jibu la "iko kwa jina la ndugu" ni jibu la hapana mpaka ndugu huyo aje mwenyewe na kitambulisho. Kama mwenye gari amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua uione. Kama ni gari la kampuni, ione barua ya kampuni inayomruhusu huyo aliyekaa mbele yako kuuza, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Swali la pili: kadi halisi iko wapi? Dar imejaa wakopeshaji wanaotoa pesa kwa dhamana ya kadi. Mwenye gari anaendelea kulitembelea, kadi imelala kabatini kwa mkopeshaji. Ukionyeshwa nakala na kuambiwa "halisi iko nyumbani", mwambie mwende nyumbani. Na kama jina la benki linaonekana kwenye kadi pamoja na la mmiliki, hakuna mauzo mpaka benki itoe barua kwamba deni limekwisha.

Kisha gari lenyewe. Mimi siendi bila fundi, na fundi awe wangu, si wa dalali. Nilipokuja kununua IST yangu, fundi wangu alifungua boneti, akachovya kitambaa kwenye mafuta kidogo, akasugua ukuta wa bati ulio nyuma ya injini mpaka namba za chesisi zikatoka chini ya vumbi. Akazisoma kwa sauti, mimi nikizifuata kwenye kadi kwa kidole, herufi kwa herufi: NCP60, halafu tarakimu zake. Zikalingana. Kisha akainama kutazama injini. IST yenye chesisi ya NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ, ile ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 1,300. NCP61 ndiyo yenye 1NZ ya sisi 1,500. Wiki moja kabla tulikuwa tumetazama nyingine yenye kadi ya NCP60 na ndani imewekwa 1NZ. Injini ya kubadilishwa si dhambi, zinanunuliwa kila siku Kariakoo. Lakini kama mabadiliko hayakuandikwa kwenye kadi, siku ya kuhamisha au ya kukaguliwa na polisi unakuwa wewe wa kueleza. Rangi pia: kadi inasema nyeupe na gari jeusi, usilipe mpaka muuzaji arekebishe kadi.

Liwashe asubuhi likiwa baridi. Ukifika ukakuta gari linaunguruma tayari, mwambie muuzaji utarudi kesho.

Madeni ya gari nayo huangaliwa kwa simu yako, hapohapo. Mfumo wa polisi wa usalama barabarani unaonyesha faini kwa namba ya gari, na kosa moja la kawaida ni shilingi 30,000. Nimeona gari lenye makosa kumi na moja. TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, wana mfumo wao wa ushuru wa maegesho, nao unasoma namba ya gari. Hapa kibao cha namba kinabaki na gari likiuzwa, kwa hiyo deni litakufuata wewe. Muuzaji alipe yote kabla ya kusaini, au mkate kwenye bei na ulipe mwenyewe siku hiyo.

Mkataba mnasaini mbele ya wakili, picha zenu mbili, nakala za vitambulisho, TIN zote mbili, mashahidi. Pesa zipite benki kwenda kwa jina lileile lililo kwenye kadi na kwenye mkataba. Halafu msiagane. Nendeni TRA pamoja siku hiyo, au anzeni maombi ya uhamisho mkiwa mmekaa pamoja. Muuzaji akishapata pesa yake simu yake hugeuka kuwa na shughuli nyingi.

Kuagiza Japani

Kwa Mkenya jambo la kwanza la kushangaza ni umri. Kwetu gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini. Uganda waliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haikuzuii kwa umri, inakutoza. Ndiyo maana barabara za hapa zina magari ya mwaka 2003 yanayong'aa kama yametoka jana.

Kodi kubwa ni nne na zinapandiana mgongoni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli na bima ya safari. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi sisi 1,000 hakuna, kuanzia 1,001 hadi 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Kisha ushuru wa uchakavu, nao juu ya jumla hiyohiyo, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi 10. Mwisho VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Tuchukue gari la sisi 1,500 ambalo thamani yake ya kufika Dar ni dola 3,000, tubadilishe umri tu:

| Dola | Chini ya miaka 8 | Miaka 8 hadi 10 | Zaidi ya miaka 10 |
|---|---|---|---|
| Ushuru wa forodha | 750 | 750 | 750 |
| Ushuru wa bidhaa | 187.50 | 187.50 | 187.50 |
| Ushuru wa uchakavu | 0 | 562.50 | 1,125 |
| VAT | 708.75 | 810 | 911.25 |
| Jumla ya kodi | 1,646.25 | 2,310 | 2,973.75 |

Ndiyo maana watu husema kodi ya gari kuukuu ni bei ya gari la pili. Bila shaka hutapata la miaka 6 kwa dola 3,000 ileile. Basi tuseme jipya zaidi linafika kwa dola 5,000. Kodi zake nne zinakuja dola 2,743.75, pungufu kuliko za lile kuukuu la dola 3,000. Ukijumlisha bei na kodi, kuukuu linakutoka dola 5,973.75 na jipya dola 7,743.75. Gari lenye thamani ya dola 2,000 zaidi limekugharimu dola 1,770 zaidi. Nikitumia shilingi 2,600 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, ni kama milioni 15.5 na milioni 20.1. Wengi wanaona tofauti ya milioni nne na nusu na kukimbilia kuukuu. Kama una kibali kirefu na mtaji upo, mimi ningeenda kwa jipya, kwa sababu tofauti hiyo imo ndani ya chuma na si ndani ya kodi, na utakapouza utaikuta.

Kuna mtego kwenye thamani. TRA wana jedwali lao la thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti yao: unaweka aina, modeli, mwaka na injini. Ukinunua gari kwa bei ya kutupa na ankara yako ikawa chini ya thamani yao, watatumia yao. Kwa hiyo fungua kikokotoo kabla ya kulipa Japani, si baada ya meli kuondoka. Angalia modeli mbilimbili. Wakati mwingine gari pacha la kampuni nyingine linathaminiwa chini na ni lilelile.

Ukiacha kodi nne, ziko tozo ndogo za reli na forodha, ada ya usajili na namba, gharama za kampuni ya meli, za bandari, na za wakala wa forodha. Gari hulitoi bandarini mwenyewe, lazima wakala mwenye leseni. Omba ankara yake iliyochambuliwa mstari kwa mstari, na uulize kila mstari unalipwa kwa nani: kile cha serikali kina namba yake ya malipo na unaweza kulipa mwenyewe benki au kwa simu. Wakala mwaminifu hakatai. Mtu akikupa jumla moja tu, "nipe milioni tisa nikuletee gari mlangoni", hujui ndani yake kuna nini.

Karatasi za njia hii ni safi kuliko zote. Unazo ankara, hati ya shehena, cheti cha kufutiwa usajili Japani, na nyaraka za forodha, zote kwa jina lako. Kadi inatoka ikiwa ya kwanza, mmiliki wa kwanza ni wewe. Siku ya kuuza utaongea kwa kujiamini. Ila akaunti unayolipia Japani iwe ya kampuni, jina lilingane na ankara. Akaunti ya mtu binafsi, au ya nchi nyingine kabisa, ni dalili ya wizi.

Gharama isiyoandikwa popote ni muda. Kutoka kulipa mpaka kushika usukani, hesabu miezi miwili na usikasirike ikizidi. Mimi nilingoja wiki kumi. Wiki hizo zote nilikuwa nikilipa bodaboda na teksi, na pesa hizo ni sehemu ya bei ya gari. Nyaraka zikichelewa na gari limeshashuka, bandari inahesabu siku za kulilaza pale na wewe ndiye unayelipa. Mkazanie muuzaji atume hati halisi mara meli inapong'oa nanga.

Yadi

Kwa yadi sina mengi. Ni gari la kuagiza ambalo mtu mwingine amelingojea, akalilipia kodi, akaweka faida yake juu. Unaliona, unaliwasha, unalichukua wiki hiyohiyo. Mengi bado hayana namba, yaani utakuwa wa kwanza kwenye kadi, na hilo ni jambo kubwa. Dai risiti ya EFD yenye bei yote, si nusu. Dai nakala ya nyaraka za forodha. Bei ya yadi ina maongezi, hata pale inapobandikwa kiooni.

Yadi zinazouza kwa mafungu zinahitaji uangalifu wako zaidi wewe mgeni. Kadi inabaki kwao mpaka umalize, na mkataba wako wa kazi ukikatika katikati unaweza kupoteza gari na ulichokwishalipa. Soma kifungu cha kuchelewesha malipo kabla ya kusoma kile cha malipo ya kwanza.

Gari la mgeni anayeondoka, na gari lako la nyumbani

Masaki na Oysterbay kila katikati ya mwaka watu wanauza kila kitu, gari pamoja na jokofu. Magari haya mara nyingi yametunzwa, yana daftari la gereji tangu siku ya kwanza. Lakini tazama kibao. Namba za CD za ubalozi na DFP za miradi ya wafadhili mara nyingi ni za magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mtu au mradi, si wa gari. Likija kwako usiye na msamaha, kodi inadaiwa, na kama hamkukubaliana anayelipa ni nani, utaijua TRA siku ya kuhamisha. Bei ya dola 4,000 inaweza kugeuka 7,000. Hata gari lenye namba ya kawaida muulize alilileta vipi. Mtu anayehamia nchini anaweza kuwa alisamehewa kodi ya gari lake moja alilolitumia kwao mwaka mzima au zaidi.

Na wewe unayefikiria kuvuka Lunga Lunga au Namanga na gari lako: litaingia kwa kibali cha muda cha forodha, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya kibiashara ya mashariki na kusini mwa Afrika, inakubalika hapa ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA. Hiyo ni ya safari. Ukiwa mkaazi mwenye kibali cha kazi, huwezi kuishi kwa vibali vya muda, na ukitaka liandikishwe hapa, ushuru wa bidhaa na VAT za Tanzania ni kodi za nchi hii. Ulizolipa Mombasa hazizifuti. Liuze nyumbani. Nililiuza langu na sijutii.

Kinyume chake pia ni kweli. Usinunue gari hapa ukiwaza kurudi nalo. Mkenya, lile la mwaka 2005 halitaandikishwa Kenya. Ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda, kwenu watu wanaendesha upande wa kulia, na magari ya hapa usukani uko kulia. Gari la Dar nunua kwa nia ya kuliuza Dar.

Bima, ambayo ni ileile kote

Bima haihami na gari. Ile stika uliyoikuta kiooni ni ya muuzaji. Kata yako siku unayochukua funguo. Bima ndogo kwa gari la kutembelea ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na inamlipa uliyemgonga, si wewe. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT: gari la milioni 15 linakuja shilingi 619,500. Kwa gari nililoagiza nilikata kubwa. Kwa lile la mkononi la milioni tisa nilikata ndogo, na usiku mmoja pale Mwenge taa zote mbili za mbele ziliibwa. Nilizinunua tena kwa pesa yangu. Stika yoyote unayopewa ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari kabla wakala hajaondoka.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari usiitafute, ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Mtu akikudai ada hiyo ya mwaka huu anakudanganya.

Nilivyomjibu Mrundi wangu

Kibali chake kilikuwa kimebaki miezi kumi na tisa, na alikuwa na milioni 13 mkononi, hana mkopo. Kuagiza kungemla miezi miwili au mitatu ya hiyo, na kwa pesa yake angepata gari lililozidi miaka 10, yaani nusu ya pesa iende kwenye kodi. Yadi ilikuwa juu ya uwezo wake bila mafungu. Nikamwambia mkononi, na awe tayari kukataa magari mazuri kwa sababu ya kadi mbaya. Aina nayo achague inayouzika: IST, Vitz, Passo, zile ambazo fundi yeyote wa Tandika anazijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Crown Athlete inavutia na bei zake mkononi zinashuka, lakini jaribu kuiuza ndani ya wiki mbili kabla ya ndege.

Angekuwa na muda mrefu zaidi mbele yake na milioni 20, ningemwambia aagize la chini ya miaka 8. Angekuwa na watoto wa kupeleka shule Jumatatu, yadi.

Alikataa magari manne. La tano, IST namba D, mwenye jina kwenye kadi ni mwalimu mstaafu wa Ubungo aliyekuja mwenyewe na kadi ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na risiti za kila mara alipobadilisha mafuta. Walisaini asubuhi, wakaenda TRA mchana, wote wawili kwenye gari hilohilo, mzee akiendesha kwa mara ya mwisho. Nimeshamwambia Mrundi wangu aweke tarehe kwenye simu yake: miezi mitatu kabla kibali hakijaisha ndipo atangaze kuuza, ili uhamisho ukamilike akiwa bado hapa na TIN yake. Akiondoka na jina lake bado liko kwenye kadi, kila faini ya mnunuzi itaendelea kuandikwa kwa jina lake.